Goli Nililosema Nimeliona

Wasomaji wangu, barua ya kwanza hapa chini ilinifikia mwezi wa Agosti. Mwenyewe aliniomba nisiichape gazetini, nami nikamjibu kwa posta ili jibu limfike kabla siku yake ya kuamua haijapita. Sasa mambo yamekwisha na ameniruhusu, basi zisomeni zote, zake na yangu.

*

Arusha, 16 Agosti 1954

Mama Aikande, mshauri wetu,

Shikamoo. Nimekwama, Mama, na nakuomba unishike mkono, maana nimesikia kwamba wewe humpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi leo namhitaji mtu wa namna hiyo hasa.

Jina langu Mikidadi, ni fundi cherehani, nashona kwenye kibaraza cha duka la Mhindi mmoja karibu na soko, na nyumba yangu iko Kaloleni. Lakini ikifika Jumamosi mimi ni refa wa mpira. Kazi hiyo niliipata Keya, jeshini kwa Mwingereza, wakati tuko kambini Ceylon tukingoja kupelekwa Burma, sajini wetu alitufundisha sheria zote kumi na saba nami nikazihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura, na tangu nirudi nimechezesha mechi nisizoweza kuzihesabu, silipwi kitu ila kikombe cha chai, na wala sikitaki zaidi, maana nikiipuliza ile filimbi na watu ishirini na wawili wakaanza kukimbia kwa pamoja, Mama, sijui nikuelezeje, damu inanichemka kwa furaha.

Sasa fainali ya kombe la mji wetu tangu zamani huchezeshwa na Mzungu, inspekta mmoja wa polisi. Sisi Waafrika hupewa mechi ndogondogo na kushika vibendera. Mwaka huu kamati ya mpira ikaamua kwamba fainali atachezesha Mwafrika, na Mwafrika huyo akawa mimi. Barua ilipofika niliisoma nimesimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele nipishe. Mke wangu Tunu alilipiga pasi shati langu jeusi mara mbili siku moja, na Kaloleni nzima ikawa inaniita refa hata watu ambao zamani walikuwa wananiita fundi tu.

Timu zenyewe ni mbili. Rovers ni ya kwetu Kaloleni, vijana wa mjini, mafundi wa chenga. Mlimani ni ya Waarusha wa upande wa magharibi ya Meru, vijana wa kulima na kuchunga, mapafu yao hayaishi pumzi. Kapteni wao anaitwa Loserian, mrefu, mpole, hasemi sana. Watu walijaa tangu saa saba, wengine wametoka mpaka kijiji cha Usa kwa miguu, na Bwana DC na mkewe wakakaa kwenye viti mbele ya meza yenye kombe.

Mama, nilichezesha vizuri. Nasema hivyo bila haya. Dakika ya kumi na mbili beki wa Rovers aliunawa mpira ndani ya eneo la hatari, nami nikatoa penalti dhidi ya majirani zangu mwenyewe, uwanja ukanizomea, mtu mmoja ninayemshonea suruali akanitangazia nisirudi Kaloleni, nami sikutikisika. Loserian akaipiga, ikaingia. Kisha golikipa wa Mlimani akaudaka mpira na kuanguka nao nyuma ya mstari, nilikuwa palepale, mpira wote ulishavuka, nikatoa goli, wala Mlimani hawakunung'unika maana walijua ni kweli. Ikawa sare, moja kwa moja. Siku ile macho yangu yalikuwa ya kipanga.

Kipindi cha pili ndipo ukungu ukaanza kushuka. Wewe unaijua Agosti ya kwetu. Kwanza mlima ukapotea, kisha miti, kisha nikawa nikisimama katikati naona milingoti ya goli kama vivuli tu. Sheria inaniruhusu kusimamisha mchezo, naijua kwa moyo. Lakini zilikuwa zimebaki dakika tano, Bwana DC amekaa pale na kombe lake, na mimi ndiye Mwafrika wa kwanza, nikajiambia, Mikidadi, usiiharibu siku hii kwa ajili ya dakika tano.

Basi Selemani, winga wa Rovers, akauchukua mpira upande wa kulia. Niliuona mgongo wake, nikauona mguu ukinyanyuka, halafu weupe mtupu. Nikasikia kishindo, nikasikia watu nyuma ya goli wanapiga kelele za goli, nikakimbia mbio zangu zote, nikaukuta mpira umelala ndani ya wavu na golikipa amejishika kiuno. Mshika kibendera wangu, Ndesanjo, alikuwa kivuli tu huko pembeni, na kibendera chake kiko chini. Nikapiga filimbi, nikaonyesha katikati.

Loserian akaja kwangu. Hakuja kwa mbio wala kwa matusi. Akasema, "Bwana refa, mpira umepita nje ya mlingoti. Wewe mwenyewe umeuona ukiingia?"

Ningeweza kusema ngoja nimuulize mwenzangu wa kibendera. Ningeweza kusema mambo kumi. Nikasema, "Nimeona."

Akanitazama, akasema, "Refa, unasema uongo." Nami kwa hasira, na nadhani hasira yenyewe ilikuwa ya kujua kwamba amesema kweli, nikamtoa nje ya uwanja mbele ya watu wake wote. Akaondoka akiingia kwenye ukungu, wenzake wakamaliza kumi, na Rovers wakachukua kombe mbili kwa moja. Watu walinibeba mabegani, Mama. Bwana DC alinishika mkono. Jumatatu ikaja barua nyingine ya kamati kwamba mwezi wa Oktoba nitachezesha Moshi, timu ya Jimbo la Kaskazini na timu ya Tanga, na nilifurahi hata nikakosea kushona kola mbili kwa siku moja.

Furaha hiyo ilikaa mpaka Jumanne. Jumanne Selemani alikuja kibarazani nimpime kanzu ya harusi yake. Nikiwa nampima mabega akacheka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka Mikidadi, wewe ni mtu wetu kweli. Ule mpira uliingia kwa tundu la pembeni. Nilijua umeona, ila ukaamua kukumbuka nyumbani." Nikamwambia sikuona tundu lolote. Akacheka zaidi, akidhani najificha, akanipiga bega kama watu wawili walioiba kuku pamoja.

Nilifunga kazi nikaenda stoo ya uwanja. Nyavu zetu ni za kamba za katani, na upande mmoja panya wameutafuna, tundu ni kubwa, kichwa changu kilipita. Nikamtafuta Ndesanjo, naye akaniambia hakuona chochote, alikuwa akiningoja mimi niamue. Na mimi nilikuwa nikimwangalia yeye.

Halafu Ijumaa, baada ya swala, nikamkuta mzee amekaa kwenye benchi langu, na shuka lake na fimbo yake. Ni Mzee Sakaya, baba yake Loserian, ametembea tangu asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akauliza habari za watoto. Kisha akasema, "Fundi, mwanangu hajapata kunidanganya. Na nimeuliza hapa mjini, wanasema wewe pia si mwongo. Nimekuja uniambie, mpira ulipita wapi?"

Mama, nilimwambia kwamba mambo hayo yataandikwa kwenye ripoti. Akashukuru, akaondoka. Laiti angenitukana.

Ripoti hiyo inatakiwa Jumamosi tarehe 28, kamati itakapokaa. Loserian ameshitakiwa kumwita refa mwongo uwanjani, na adhabu yake ni kufungiwa mwaka mzima. Nikiandika niliona, atafungiwa. Nikiandika sikuona, Kaloleni watasema nimewauza, na Tunu ananiambia, "Baba Hatibu, hawa ndio tunaoishi nao na ndio unaowashonea, goli lilishakuwa goli." Na kubwa kuliko yote, inspekta na wenzake watasema, mnaona, tulimpa Mwafrika filimbi mara moja tu na angalieni alichofanya, na mwingine hatapewa tena kwa miaka. Je, si afadhali mtu mmoja akose mpira mwaka mmoja kuliko sisi sote kunyang'anywa filimbi? Nakuomba unijibu upesi, na tafadhali usiichape barua hii.

Mimi mwanao,
Mikidadi

*

20 Agosti 1954

Ndugu Mikidadi,

Marahaba. Nimelea wavulana wanne, kwa hiyo mpira naujua zaidi kwa vioo vya madirisha kuliko kwa sheria zake. Hata hivyo barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikasahau sufuria jikoni, maana nilitaka kujua nani amefunga. Unaupenda mchezo huu kwelikweli, na ndiyo sababu sitakubembeleza.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kutoona si kosa. Mungu hakukupa macho ya kupenya ukungu, na panya hawakukutumia barua. Mtu yeyote angeweza kukosea goli lile, hata huyo inspekta wenu mwenye vifungo vinavyong'aa. Kama ungeniandikia kwamba umekosea tu, ningekuambia pole, kunywa chai, Jumamosi ijayo uchezeshe tena.

Lakini wewe uliulizwa kwa adabu na ukajibu uongo, kisha ukamwadhibu aliyesema kweli. Hapo, ndugu yangu, usimsingizie ukungu, wala usimtaje Ndesanjo. Na mzee wa watu akatembea tangu asubuhi, akakaa kwenye benchi lako, akakupa nafasi ya pili bila mtu mwingine kusikia, nawe ukamjibu kama karani wa boma. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikatoka nje kupata hewa.

Sasa hilo la Wazungu. Unasema ukikiri watasema Mwafrika hawezi. Inawezekana wakasema, midomo ni yao. Nami nakuuliza, Loserian atasema nini? Maana yeye alifurahi kama wewe kwamba mwaka huu filimbi iko mkononi mwa mtu wetu, na mtu wetu huyo akamtazama usoni akamdanganya. Unataka kuilinda heshima ya Waafrika wote kwa kumkanyaga Mwafrika mmoja ambaye hakufanya kosa. Hesabu hiyo haitoki, hata ukiipiga kwa namna gani. Na Selemani ameshaanza kukuhesabu kuwa mwizi mwenzake. Ngoja miezi miwili uone utakavyochezesha huko Moshi, kila mchezaji anajua kwamba refa huyu huwakumbuka watu wa nyumbani.

Mkeo usimgombeze. Anaogopa njaa, na hofu hiyo ni ya haki. Mwambie kabla ya mtu mwingine yeyote utakachofanya, asije akakisikia kisimani.

Basi fanya hivi. Ukiisoma barua hii, kesho yake asubuhi panda mlimani kwa miguu mpaka nyumbani kwa Mzee Sakaya. Usitume mtu, usipeleke zawadi. Mwambie Loserian mbele ya baba yake na mama yake kwamba hukuona, na kwamba ulisema umeona. Akikasirika, nyamaza, ana haki ya kukasirika, na usimwombe akusamehe siku hiyohiyo kana kwamba unadai chenji. Ripoti iandike fupi, usianze kusimulia habari za Agosti na ubaridi: sikuuona mpira ukipita, nilisema niliuona, mchezaji hana kosa. Ipeleke kwa mkono wako na ukae usikie watakachokuuliza. Selemani mwambie ana kwa ana kwamba hukumsaidia, kanzu akuachie uimalize au aichukue. Na kwa kuwa wewe ni fundi, chukua sindano ya kushonea magunia uende stoo ukalizibe lile tundu, leo, kabla mtu mwingine hajafungiwa kwa ajili ya panya.

Huenda wakakunyang'anya Moshi. Nenda hivyohivyo. Najua utaogopa, lakini ulimpa Loserian penalti na uwanja mzima unakuzomea, kwa hiyo ujasiri unao, nimeusoma kwa mkono wako mwenyewe. Siku nitakapojua kamati imeamua nini nitalala vizuri, basi niandikie upesi.

Mama Aikande

*

Arusha, 13 Septemba 1954

Mama,

Shikamoo. Nimefanya yote, na nakuandikia kwa haraka ya furaha, unisamehe mwandiko.

Nilipanda mlimani. Mama yake Loserian, Mama Nosim, alinipa maziwa kabla hajajua nimekuja na nini, nami nikayashika bila kuyanywa mpaka nikamaliza kusema. Loserian alisimama akaondoka kwenda kwa ng'ombe. Nikakaa kimya kama ulivyoniagiza. Alirudi baada ya muda mrefu akaniambia maneno haya tu, "Kwenye kamati nitakuja nisikie kwa masikio yangu," na Mzee Sakaya akanisindikiza mpaka njiani.

Kwenye kamati nilisoma ripoti yangu nimesimama. Mwenyekiti, Mzungu, aliniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikajibu kwamba niliogopa. Karani wao, Bwana Reginald, aliliandika neno hilo kwenye kitabu, niliiona kalamu yake ikienda. Loserian akafutiwa mashitaka palepale. Wakaamua fainali irudiwe, wakanivua mechi ya Moshi, na mwenyekiti akasema marudiano atachezesha inspekta. Hapo Mzee Sakaya, aliyekuwa amekaa nyuma na mwanawe, akaomba kusema. Akasema, "Huyu fundi ametuambia mbele yenu kwamba hakuona. Huyo mwingine hatujapata kumsikia akisema hivyo hata siku moja. Vijana wetu watacheza na huyu." Kapteni wa Rovers akasema nao wanakubali. Mwenyekiti alijikuna kidevu, akaandika jina langu.

Kaloleni kulikuwa kugumu. Watu wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao, na Selemani alikuwa wa kwanza, kanzu yake imefika nusu tu. Tunu aliwafungia vitambaa vyao vizuri kwa uzi, akawaaga kwa heshima, kisha akaniambia, "Haya, kalishone hilo tundu." Nililishona kwa mshono wa mara mbili.

Na juzi Jumamosi, Mama, tulicheza. Hakukuwa na wingu, mlima wote uko wazi mpaka kileleni, na watu walikuwa wengi hata kuta za jirani zikajaa. Sijapata kuona mchezo kama ule, huku wanafunga, huku wanarudisha, dakika tisini zikaisha mbili kwa mbili, tukaongeza muda. Dakika za mwisho Loserian aliruka juu ya mabeki wote akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba, ukaanguka juu ya mstari, ukarudi uwanjani. Watu wa Mlimani wote wakaruka. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na jua liko nyuma yangu. Haukuvuka wote. Nikapunga mikono kwamba mchezo uendelee.

Loserian alinitazama mara moja tu, akageuka, akakimbia kurudi kulinda lango lake. Hakufika kwa wakati. Rovers walikwenda na mpira uleule, na Selemani, ambaye hajanisalimia wiki mbili, akaufunga katikati kabisa ya wavu, kila mtu anaona, mpaka mke wa Bwana DC.

Kombe liko Kaloleni, na safari hii limeingia kwa mlango wa mbele. Loserian amesema mwakani watakuja kulichukua, nami kwa nilivyowaona wakikimbia, namwamini.

Mwanao,
Mikidadi